UZI: Kazi za hoteli Pwani ni za nani? Hebu tuanze na historia

1. Uchaguzi ukikaribia, hakosi mtu wa kupanda jukwaani Ukunda au Malindi na kuahidi: kazi za hoteli, wenyeji kwanza! Makofi. Kesho yake mitandaoni ni vita, wapwani na wabara. Sitaji mtu wala chama. Nataka tuiangalie ahadi yenyewe, na kwa nini haijawahi kumlipia weita kodi ya nyumba mwezi wa Mei.

2. Nilibeba trei Diani misimu miwili, kwa hivyo naongea nikijua. Barua yangu ya kazi ilikuwa ya Julai hadi Machi. Masika yakikaribia wageni wanapungua, mnaambiwa "mtaitwa." Mimi wa kutoka bara na mwenzangu wa Msambweni tulirudishwa nyumbani siku moja. Tofauti yetu ilikuwa nauli tu.

3. Malalamiko haya si ya jana. Januari 1947 Mombasa ilisimama karibu wiki mbili. Watu wa bandari, reli, hoteli, hata watumishi wa majumbani, waligoma pamoja. Hawakuwa wakigombania nani ni mwenyeji. Shida yao ilikuwa mshahara usiotosha chakula na kodi.

4. Baada ya uhuru hoteli za ufuo ziliongezeka, ndege za kukodi zikileta Wajerumani, Waingereza na Waitaliano. Hapo riziki ya weita ikafungwa kwenye kalenda ya Ulaya. Kwao kukiwa baridi, kwetu kuna kazi. Wasipokuja, hakuna.

5. Halafu kuna suala la masomo. Utalii College ilianzishwa 1975 kwa msaada wa Uswisi. Chuo kizuri, sibishi. Lakini kiko Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka Mombasa. Kijana wa Kinango alihitaji karo, nauli na pa kulala jijini kabla hajajifunza kupanga meza. Wenye vyeti walikuja kuwa masupavaiza, na wenyeji wengi wakabaki kwenye bustani na ulinzi. Ukiuliza uchungu wa "wabara wametwaa kazi" ulitoka wapi, anzia hapo. Si uchungu wa bure.

6. Hoteli na mikahawa hutozwa ushuru wa asilimia 2, na mafunzo ni moja ya sababu za ushuru huo. Chuo kingine kilianza kujengwa Vipingo, Kilifi, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ujenzi ukavutwa na kuvutwa. Kuna watoto waliokuwa darasa la kwanza msingi ukichimbwa, leo wanatafuta kazi.

7. Je, tukiwafukuza wabara? Ilijaribiwa. Agosti 1997 Likoni ililipuka. Watu wa bara walishambuliwa, wengine wakauawa, maelfu wakahama. Nafasi zao hazikumwendea mwenyeji, kwa sababu wageni nao walitoroka na hoteli zikapunguza watu. Njaa haikuuliza kabila. Kisha Kikambala 2002, ghasia za 2008, Mpeketoni 2014, korona 2020. Kila mara wa msimu ndio wa kwanza kuachishwa.

8. Sheria inasemaje? Katiba, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake. Ile asilimia 30 mnayosikia ni ya ajira za serikali za kaunti, tena ni ya kulinda wasio wa kabila kubwa pale. Haigusi hoteli ya mtu binafsi. Kwa hivyo anayekuahidi "wenyeji kwanza" kwa nguvu ya sheria anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

9. Pesa je? Kima cha chini hupangwa kwa maeneo. Agizo la 2022 lilimpa kibarua wa kawaida Sh15,201.65 kwa mwezi katika miji kama Nairobi na Mombasa, na Sh8,109.90 katika eneo la chini kabisa. Karibu nusu! Weita naye yuko kwenye agizo hilo, mstari mmoja na turniboi na mchonga mawe. Ndiyo maana kijana akipata cheti anakimbilia Nairobi au Dubai.

10. Kuna silaha ambayo haitajwi jukwaani. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, mahakama inaweza kumhesabu kuwa wa mshahara wa mwezi. Lakini wangapi wanakijua? Na afisa wa kazi alikanyaga hoteli yenu lini?

11. Basi, wenyeji wasomeshwe karibu na kwao, mikataba ikaguliwe, na msimu wa mvua uwe na mpango. Hayo yangemfaa yule wa Msambweni, na mimi pia. Akija tena na "wenyeji kwanza," msimpigie kelele. Muulizeni tu: na mwezi wa Mei je?