Dizeli inazunguka, haiwaki!

Wadau, asubuhi ya baridi pale Ndama, Karagwe, Land Cruiser ya dizeli inazunguka weee, haiwaki, na ndani kuna mgonjwa wa kufikishwa Nyakahanga. Vijana wanakimbilia plagi za cheche. Zipi jamani?

Rudolf Diesel, aliyepata hataza Ujerumani mwaka 1893, aliiondoa cheche kabisa. Hewa inabanwa mpaka joto lipite nyuzi 500, mafuta yakipulizwa yanawaka yenyewe. Kagera tungemwelewa upesi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wayeyusha chuma wa Buhaya, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, waliipasha hewa moto kabla haijafika tanuruni. (Wapo wasomi waliobisha. Mimi naipenda hoja hiyo.)

Pampu ya Bosch ya mwaka 1927 ndiyo iliyoeneza dizeli kwenye malori, na ugonjwa wake mkubwa ni upepo. Filta ikivuta hewa, pampu inabana hewa hiyo, nozeli hazipulizi kitu.

Basi tazama ekzosi wakati wa kupiga stata. Moshi mweupe: mafuta yanafika, joto halitoshi, kagua hita. Hakuna moshi: mafuta hayafiki. Angalia tanki, waya wa swichi ya mafuta kwenye pampu, kisha toa upepo kwa pampu ya mkono ya filta mpaka iwe ngumu. Kulegeza nati za nozeli ni kwa pampu za zamani tu. Komoni reli usithubutu, presha yake inapasua ngozi.

Na stata sekunde kumi, pumzika. Betri ikifa mtasukuma, na Karagwe ni vilima.