Merikebu za Angani: Kutoka Ubao hadi Hesabu

Mwanadamu aliunda vyombo vya kumpeleka mwezini zamani sana kabla ya kuijua njia ya kufika huko. Katika mwaka wa 1902 Mfaransa Georges Méliès alionyesha sinema ya wataalamu waliotiwa ndani ya risasi kubwa, wakapigwa kwa mzinga, wakaenda kumchoma Mwezi jichoni. Watazamaji walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Lakini tangu wakati huo kazi ya kuunda vyombo visivyosafiri ilipata mafundi wake. Kwanza walikuwa maseremala na wapaka rangi wa studio chache. Siku hizi ni watu wa kila namna, vijana kwa wazee, ambao wakisha kumaliza kazi zao za mchana huketi mbele ya kompyuta nyumbani na kuunda merikebu za angani kwa raha ya nafsi zao. Jinsi kazi ya wale ilivyowafikia hawa ni habari inayostahili kusimuliwa, maana urithi huo haukupita mikononi bila hasara.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni ule wa merikebu Enterprise ya hadithi za Star Trek. Uliundwa Marekani katika mwaka wa 1964 kwa ubao na plastiki, urefu wake yapata mita 3.4. Aliyeusanifu, Matt Jefferies, alikuwa mtu aliyezijua ndege, naye alishika shauri moja: mitambo ya chombo isionekane nje, kwa kuwa hakuna fundi mwenye akili atakayetoka katika utupu wa anga kutengeneza kitu ambacho angaliweza kukitengeneza akiwa ndani. Kwa hiyo ngozi ya Enterprise ni laini kama yai. Mfano huo, hata hivyo, ulificha aibu: ubavu wake wa kushoto haukumalizwa. Nyaya za taa zilitokea upande huo, kamera ikaelekezwa upande wa kulia, na studio haikuona haja ya kupamba ubavu ambao mtazamaji hatauona.

Haukupita muda mrefu mafundi wengine wakaipindua kanuni ya Jefferies. Chombo Discovery cha sinema ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968 kilikuwa na mfano wa zaidi ya mita 16, uliojaa mabomba na mifuniko. Kisha wakaja vijana waliokusanywa na George Lucas mwaka 1975 katika ghala moja la Van Nuys, California, kwa ajili ya sinema ya Star Wars. Walinunua masanduku ya vifaru, ndege na magari ya plastiki ya kuundwa na watoto, wakayavunja, wakabandika vikorokoro vyake juu ya magamba ya merikebu zao, kisha wakavipaka masizi na kutu. Manowari ile kubwa inayopita juu ya vichwa vya watazamaji mwanzoni mwa sinema hiyo ya 1977, kana kwamba haina mwisho, mfano wake haukufika hata mita moja. Macho hupima ukubwa kwa kuhesabu vitu vidogo; palipo na vikorokoro vingi, akili husadiki kwamba chombo ni kikubwa. Hilo ndilo somo la maana kuliko yote lililorithiwa na mafundi wa leo, nalo halikuzaliwa na kompyuta. Lilizaliwa na gundi.

Kiswahili hukiita chombo kitu cha kusafiria majini, na kifaa cha kazi pia hukiita chombo. Maana zote mbili zafaa hapa, kwa sababu yaliyofuata yalitegemea zaidi kifaa cha fundi kuliko merikebu yenyewe.

Namna ya kuunda kwa hesabu si ngumu kueleza. Kila nukta ya umbo hupewa namba tatu: ya upana, ya kimo na ya kina. Nukta zikiunganishwa hufanya vipande bapa vya pembe tatu au nne, na maelfu ya vipande hivyo yakipangwa hufanya gamba. Gamba hupakwa rangi na kutiwa mikwaruzo. Baadaye fundi huweka taa na kamera, navyo ni vya hesabu tu, na kompyuta hufuata njia ya nuru kinyumenyume, kutoka jichoni hadi kwenye gamba na kutoka kwenye gamba hadi kwenye taa, mpaka ijue rangi ya kila doa la picha. Turner Whitted alichapisha katika mwaka wa 1980 njia ya kuifuata nuru hiyo hata katika vitu ving'aavyo na vipenyezavyo mwanga. Adui mkubwa wa kazi hii ni muda. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika. Picha moja ikidai saa moja, dakika moja ya sinema itadai siku 60, mchana na usiku.

Ndiyo sababu watu wa kwanza walihitaji mashine za kitajiri. Merikebu za The Last Starfighter, sinema ya mwaka 1984, ziliumbwa zote kwa hesabu katika kompyuta ya aina ya Cray X-MP, ambayo bei yake ilikuwa mamilioni ya dola. Zikitazamwa leo ni safi mno, kama sufuria za dukani ambazo hazijaona moto.

Mlango wa nyumba za watu wa kawaida ulifunguliwa na kompyuta ndogo ya Amiga, iliyotoka mwaka 1985. Mwishoni mwa mwaka 1990 kampuni ya NewTek ya Topeka, Kansas, iliuza kifaa cha kutiwa ndani yake, Video Toaster, na pamoja nacho programu ya LightWave iliyoandikwa na Allen Hastings na Stuart Ferguson. Mwingereza Ron Thornton, aliyekuwa ameunda mifano ya mikono kwa tamthilia za BBC, alizitwaa mashine hizo akaunda kwazo merikebu za Babylon 5. Kipindi chake cha kwanza kilionyeshwa mwaka 1993, na taswira zake zikapata tuzo ya Emmy. Mashabiki waliojua kwamba kazi ile ilitoka katika kompyuta za dukani waliona kuwa nao wanaweza, na wengi wakajaribu.

Hata hivyo programu nzuri iliuzwa ghali, na mwenye programu aliweza kuifunga wakati wowote. Mwaka 2002 jambo hilo lilitokea. Blender, programu iliyoanzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal, ilipoteza kampuni yake, na wenye mali wakakubali kuiachilia kwa euro 100,000. Watumiaji wake walichanga fedha hizo katika majuma saba, na tarehe 13 Oktoba ya mwaka huo ikawa huru kwa kila mtu. Ni nadra wanafunzi kumkomboa mwalimu wao kwa harambee.

Katika mji wa Tampere, Ufini, Samuli Torssonen na wenzake walitumia yapata miaka saba kutengeneza sinema ya mzaha, Star Wreck: In the Pirkinning, yenye vita vya merikebu vilivyoundwa kwa kompyuta za nyumbani. Mwaka 2005 waliitoa bure. Mzaha wake si wa kila mtu, lakini vita vile havikuaibika mbele ya kazi za studio.

Hasara ndiyo hii. Kitu cha ubao hukaa. Mfano wa merikebu Enterprise ya pili ya televisheni uliuzwa kwa mnada New York mwaka 2006 kwa dola 576,000, na ule wa 1964 umo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, tangu mwaka 1974. Chombo cha hesabu hakina pa kukaa ila ndani ya programu inayojua kukifungua. Babylon 5 ilipotolewa kwa DVD katika umbo pana, merikebu zake, zilizokokotolewa kwa umbo la mraba la televisheni ya kale, hazikukokotolewa upya. Picha zilikatwa juu na chini zikakuzwa, zikafifia. Kampuni ya Thornton, Foundation Imaging, ilikuwa imefungwa mwaka 2002. Kazi ya kuziunda tena merikebu hizo, nukta kwa nukta, kwa kutazama picha zilizobaki, ilishikwa na watu wasiolipwa.

Hata ubao uliwahitaji watu hao. Smithsonian ilipoanza kuitengeneza Enterprise, iliwaomba mashabiki picha za zamani za mfano ule, ipate kujua ulivyokuwa kabla ya kupakwa rangi upya. Nao ukarudishwa ukumbini mwaka 2016. Anayeiunda Enterprise hiyo katika kompyuta yake hukuta kazi ambayo studio haikuifanya kamwe: kamera yake yaweza kuzunguka pande zote, na ule ubavu wa kushoto unangoja madirisha yake.