Baniani: Safari ya Jina la Kazi kutoka Gujarat hadi Zanzibar

Katika Kiswahili cha leo, neno Baniani husikika zaidi ndani ya methali kuliko katika mazungumzo ya kawaida. Msemaji wa "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" mara nyingi hamfikirii Mhindi yeyote. Anamkusudia jirani, ndugu au mkubwa wa kazi asiyependeka lakini asiyekosa kufaa. Hata hivyo neno lenyewe halikuzaliwa kuwa kejeli, wala halikuzaliwa kuwa jina la dini. Lilikuwa jina la kazi. Namna lilivyogeuka ni suala linalowahusu wanaosoma nyaraka za karne ya 19 pamoja na wanaoshauri serikali juu ya majina ya jamii.

Asili yake ni neno la Kigujarati vaniyo, ambalo nalo linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya mfanyabiashara. Huko Gujarat vaniyo si kila mwenye duka, bali ni mtu wa tabaka maalumu la wafanyabiashara, tabaka ambalo mtu huzaliwa nalo. Mpaka huo haukuonekana na wageni. Waarabu, Wareno na baadaye Waingereza waliwaita kwa jina hilo moja karibu Wahindu wote wa magharibi mwa India waliokutana nao sokoni na bandarini. Wengi wa wale walioitwa Mabaniani huko Maskati na Zanzibar walikuwa Wabhatia kutoka Kutch, ambao nyumbani kwao wana jina lao na tabaka lao.

Neno lilipokwisha kutoka kwa wenyewe, kila bandari ilibaki na kile ilichokiona. Karibu na Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi, Wazungu waliona mti mkubwa wenye mizizi ining'iniayo ambao chini yake wafanyabiashara hao walikuwa wamejenga mahali pa ibada. Wakauita mti wa Mabaniani, na jina hilo likaenea kwa Kiingereza kuwa jina la mti wenyewe. Mabaharia wa Uingereza, wakijua kuwa Mabaniani hawali nyama, waliziita kwa jina lao zile siku ambazo chakula cha melini hakikuwa na nyama. Kinachochekesha ni kwamba katika jeshi la wanamaji la Uingereza neno hilohilo leo lina maana ya karamu ya ufukweni, na nyama choma ndiyo inayotarajiwa hapo. Katika karne ya 18 mabwana wa Ulaya walilitumia kwa joho pana la kuvaa nyumbani, na nchini India hadi leo baniyan ni fulana ya ndani. Kolkata nako likawa jina la cheo: banian alikuwa dalali na mdhamini wa mfanyabiashara mgeni. Ramdulal Dey, aliyewahudumia Wamarekani kwa cheo hicho mpaka wakaipa meli jina lake, alikuwa Mbengali, wala hakuwa na nasaba yoyote ya Gujarat.

India yenyewe haikuliacha neno salama. Katika Kihindi, baniya ni jina la tabaka, lakini mitaani humaanisha pia bahili, mkopeshaji au mtu asiyefanya jambo bila kupiga hesabu. Mohandas Gandhi, aliyezaliwa Porbandar mwaka 1869, alikuwa wa tabaka hilo. Juni 2017, Amit Shah, aliyekuwa rais wa chama cha Bharatiya Janata, alimtaja Gandhi hadharani kuwa baniya mwerevu, na mabishano yakazuka mara moja. Sifa ilikuwa katika neno "mwerevu". Kilichowakera watu ni lile jina alilolifungamanisha nalo.

Gandhi mwenyewe alikuwa ameshaona jambo la namna hiyo huko Afrika Kusini, alikofika mwaka 1893. Wazungu wa huko waliwaita Wahindi wote "Sami", kutokana na kiishio cha majina mengi ya Kitamil, swami, ambacho maana yake ni bwana. Anasimulia kuwa Wahindi wengine waliotukanwa hivyo waliwajibu Wazungu kwamba, kwa kutamka neno hilo, wanawaita mabwana zao.

Zanzibar ndiko neno lilikopata maana ya dini. Katika karne ya 19 wakazi wa mji walitofautisha: Mhindi alikuwa Mwislamu kutoka India, kama Khoja au Bohora, na Baniani alikuwa Mhindu. Tofauti ilionekana kwa macho. Mhindi alihamia na familia yake. Baniani wa miaka hiyo kwa kawaida alimwacha mke Kutch, akawachoma moto wafu wake, na hakula nyama. Lakini katika fedha walikuwa soko moja. Nyumba ya Jairam Shivji, ya Kibhatia, ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miongo mingi ya karne hiyo, na baadaye Tharia Topan, Khoja, akaushika kwa muda. Misafara ya Tabora na Ujiji iliondoka pwani kwa mali ya mkopo kutoka kwa watu wa pande zote mbili.

Hapa ndipo mfasiri wa nyaraka anapoweza kupotosha historia bila kukusudia. Mwaka 1860 balozi Rigby aliwaamuru Wahindi wa Zanzibar kuwaacha huru watumwa wao, kwa hoja kwamba wao ni raia wa Uingereza na sheria za Uingereza zinawakataza kumiliki watu. Ubishi ulizuka juu ya watu wa Kutch, kwa kuwa nchi yao ilikuwa na mtawala wake, Rao, na baadhi yao walitaka kuhesabiwa chini ya Sultani. Rao alitoa tangazo mwaka 1869 kuwaweka raia wake wa Zanzibar chini ya mamlaka ya Uingereza. Katika ubishi huo Baniani wa Kutch na Khoja wa Kutch walisimama mahali pamoja, ingawa mtaani walikuwa na majina mawili. Anayefasiri Baniani kwa "Mhindi" anafuta mgawanyiko wa mjini. Anayeuchukulia mgawanyiko huo kuwa ndio wa sheria hataelewa ni nani aliyelazimika kuwaachia watumwa.

Deni linasaidia kueleza kwa nini methali ilimchagua Baniani. Mwenye shamba la karafuu aliyeweka rehani hakumpenda mkopeshaji, na msimu ukifika alirudi kwake. Uhusiano huo uliingia katika sheria mwaka 1934, pale serikali ya Zanzibar ilipoweka vizuizi vya kuhamisha ardhi ya Waarabu na Waafrika kwenda kwa wengine. Hatua za miaka hiyo katika biashara ya karafuu zilijibiwa na mgomo wa kununua karafuu nchini India mwaka 1937 na 1938. Kufikia hapo sheria haikumjali tena Baniani wala Khoja, ilihesabu mbari.

Upande wa pili wa bahari hiyohiyo mambo yalikwenda vingine. Oman, Kanaksi Khimji, Mhindu wa nyumba ya biashara yenye asili ya Kutch, alipewa na Sultan Qaboos cheo cha sheikh.

Afrika Mashariki ya baada ya uhuru ililipanua neno Mhindi likawameza wote, Mwislamu, Mhindu, Singasinga na Mgoa. (Kiswahili kina ukarimu wa zamani na jina hili: mahindi, zao la Marekani, nayo yalipewa nasaba ya India.) Uganda mwaka 1972 jina hilo moja lilitosha kuwakusanya watu wa uraia tofauti chini ya amri ya kuondoka katika siku 90. Kenya iliwatambua raia wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 Julai 2017, na sensa ya 2019 ikawahesabu zaidi ya 47,000. Tangazo la Kiingereza lilitumia jina la bara zima, jina ambalo Wachina na Waarabu nao wangeweza kulidai. Mtaani, kwa Kiswahili, kabila hilo linaendelea kuitwa Wahindi, wakiwamo wale ambao babu zao walitoka katika nchi ambayo leo ni Pakistan.