Moshi Ulioonekana Mara Mbili



Jioni ya tarehe 8 Mei 2025 wengi wenu mlikuwa pamoja nami katika ukumbi wetu hapa Bulwa. Ilikuwa saa moja na dakika saba usiku kwa saa zetu, moshi mweupe ulipotoka katika bomba la Kikanisa cha Sistina kule Vatikano. Waliokaa mbele ya televisheni, ile iliyounganishwa na dishi, walipiga vigelegele. Vijana waliosimama mlangoni wakitazama katika simu ya mwenzao waligeuka na kuuliza kuna nini, kwa maana kwao bomba lilikuwa bado halitoi kitu. Yapata nusu dakika baadaye nao wakashangilia, peke yao. Ndipo mzee mmoja akaniuliza, kwa dhati kabisa: “Baba, wamewasha mara ya pili?”

Nilicheka, nikamwambia kwamba mtandao ni wa polepole. Mzee alitikisa kichwa kwa adabu, kama atikisavyo mtu ambaye hakujibiwa. Namwia radhi. Jibu lenyewe ni refu, na lina historia ya miaka zaidi ya sabini. Nitajaribu kulitoa leo, kwa sababu ambayo mtaiona mwishoni.

Magazeti yetu siku hizi husema “mubashara”. Sisi tuliokulia na Redio Tanzania tulizoea “moja kwa moja”. Neno mubashara lina asili ya Kiarabu, na shina lake linahusiana na ngozi: kugusana ngozi kwa ngozi, pasipo kitu katikati. Ni neno zuri, ila halisemi kweli yote. Tangu picha ya kwanza kuvuka mpaka wa nchi, haijapata kufika pasipo mtu wa kati aliyeipokea, akaigeuza, akaikabidhi kwa mwingine. Sisi watu wa milimani tunalielewa jambo hili. Mtu wa mgongo mmoja humwita wa mgongo wa pili, naye humwita wa tatu, na habari hufika bondeni ikiwa imepita katika vinywa vitatu. Kila kinywa huchukua muda wake, na kila kinywa hutumia maneno yake.

Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na vinywa visivyoelewana. Picha ya televisheni wakati ule ilichorwa kwa mistari ya mlalo, na kila taifa lilichagua idadi yake. Uingereza ilitumia mistari 405, Ufaransa 819, na nchi nyingine nyingi za bara lile 625. Televisheni ya Paris haikuweza kuisoma picha ya London hata ingeletewa mlangoni. Suala hilo lilipata uzito ghafla kwa sababu ya tukio lililoanzia huku kwetu: tarehe 6 Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alikuwa ziarani Kenya, karibu na Nyeri, baba yake alipofariki naye akawa malkia. Sherehe ya kumvika taji iliwekwa tarehe 2 Juni 1953, na majirani wa Uingereza walitaka kuiona ikitendeka.

Mafundi walifanya jambo ambalo ukilisikia utadhani ni mzaha. Waliipokea picha ya Kiingereza katika kioo cha televisheni, kisha wakaweka mbele ya kioo hicho kamera ya mfumo mwingine, ikakitazama kioo na kuitoa picha upya kwa idadi nyingine ya mistari. Kamera iliyokuwa kazini Westminster ilitazamwa na kamera nyingine ng'ambo ya bahari. Picha ilififia kidogo, lakini Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani Magharibi ziliona. Kanada, iliyokuwa mbali mno kwa minara ya kupokezana, ilisubiri filamu iliyobebwa kwa ndege ya kijeshi.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Juni 1954, nchi nane za Ulaya ziliunganisha mitandao yao. Kwanza zilionyesha sikukuu ya maua huko Montreux, Uswisi. Jioni zilikwenda Vatikano, na Papa Pius XII akawahutubia watazamaji kwa lugha kadhaa. Ndiyo kusema kwamba siku ileile mtandao wa Eurovision ulipozaliwa, Baba Mtakatifu alikuwamo. Katika miaka ya mwisho ya utawala wake Papa huyohuyo alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kuwa husimuliwa kwamba usiku wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, aliiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika kanisani. Nilipokuwa seminarini tulilifanyia utani chaguo hilo. Sasa ninayo orodha ya wagonjwa wa parokia hii wasioweza kupanda mlima, wala sifanyi utani tena.

Tangu siku zile ulijengeka pia utaratibu unaotumika hata leo: nchi mwenyeji hutoa picha pamoja na sauti ya mahali penyewe, yaani kengele, nyimbo, vifijo, na kila nchi inayopokea huweka mtangazaji wake juu yake. Ndiyo maana mnaweza kuitazama Misa ya Roma mkisikia maelezo kwa Kiswahili, na jirani yenu wa Msumbiji akasikia Kireno, huku picha ikiwa ni ileile moja.

Kisha yakaja mambo ya angani, ambayo nitayapitia haraka. Setilaiti ya Telstar ilirushwa Julai 1962, ikapitisha picha kati ya Marekani na Ulaya kwa dakika chache kila ilipopita juu ya bahari. Baadaye zikaja zile zinazokaa kimo cha kilometa 35,786 juu ya ikweta na kuzunguka sawasawa na dunia, hata huonekana kana kwamba zimetundikwa mahali pamoja. Picha ikipanda huko na kushuka hutumia robo sekunde tu. Tarehe 25 Juni 1967 nchi 14 zilichangia kipindi kimoja kilichorushwa kwa setilaiti kadhaa kwa pamoja. Kutoka Afrika ilikuwamo Tunisia peke yake. Na mwanadamu alipokanyaga mwezi, alfajiri ya tarehe 21 Julai 1969 kwa saa zetu, kamera ya huko ilitoa picha 10 tu kwa sekunde, ambazo hakuna televisheni ya nyumbani iliyoweza kuzionyesha. Katika vituo vya kupokelea walirudia hila ileile ya mwaka 1953: kamera ikatazama kioo.

Na sisi je? Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Uganda 1963. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa, kilifunguliwa, cha kwanza Afrika Mashariki, na picha ya siku ileile ikaweza kuingia pasipo kungoja ndege. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, ikitangulia nchi nyingine zote za Afrika kusini mwa Sahara katika jambo hilo. Tanzania Bara ilikataa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni kuwa anasa ya wachache katika nchi ambayo bado ilitafuta maji na madarasa, na baadhi ya watu wa pwani ya Bara wakainua antena zao kuelekea Unguja. Wapo wanaolicheka kataa hilo siku hizi. Mimi sicheki sana. Lakini gharama yake niliiona kwa macho ya kitoto.

Papa Yohane Paulo II alizuru Tanzania tangu tarehe 1 hadi 5 Septemba 1990. Alifika Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nyumbani kwetu watu walijazana kuizunguka redio ya baba, na mama alipiga magoti sakafuni wakati wa baraka. Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Nilimwuliza baba Papa amevaa nini, naye akanijibu kwa uhakika mkubwa, ingawa hakuwa amemwona. Televisheni za Bara zilianza mwaka 1994, na wa kwanza kuonekana walikuwa watu binafsi, ikiwamo ITV. Ya Taifa ilikuja baadaye.

Badiliko lililofuata ndilo hasa lililoleta moshi wa pili. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na kwa mkoa wetu wa Tanga ilizimwa mwezi uliofuata. Mnakumbuka manung'uniko juu ya ving'amuzi. Katika mfumo wa dijitali picha haisafiri tena kama mistari bali kama hesabu. Nayo haitumwi nzima: mtambo hutuma picha moja kamili, kisha hutuma tu yale yaliyobadilika. Bomba la Sistina likikaa kimya kwa saa tatu, hakuna mengi ya kutuma. Mitambo hiyo huhitaji kukusanya picha kadhaa, kuzilinganisha na kuzifinya. Hapo sekunde hupotea, lakini ni chache. Ndivyo ilivyokuja picha ya dishi letu.

Picha ya simu ilipita njia ndefu zaidi. Roma inapotuma mkondo wake kwenye intaneti, kompyuta za kati huupokea na kuutafsiri kuwa mikondo kadhaa: mnene kwa wenye njia pana, wa kati, na mwembamba kwa sisi wa ukunguni. Kila mkondo hukatwa vipande vya sekunde chache. Vipande hivyo hunakiliwa katika kompyuta zilizo karibu na watazamaji, na kwetu huvuka bahari kwa nyaya kama SEACOM, iliyofika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Simu huomba kipande kimoja kimoja, kwa njia ileile ambayo mnafungulia ukurasa wowote. Kampuni ya Apple ilitangaza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2009. Na kabla haijaonyesha chochote, simu huweka akiba ya vipande viwili vitatu, isije ikaishiwa katikati. Hesabuni: kutafsiri, kukata, kunakili, kuweka akiba. Nusu dakika imekwisha. Mzee wangu, hawakuwasha mara ya pili. Vijana walikuwa wakitazama ghala la vipande, nasi tulikuwa tukitazama bomba kwa umbali wa sekunde chache.

Niongeze jambo moja, maana historia hii si ya mafundi peke yao. Palipo na wa kati, pana pia mahali pa kufunga njia. Januari 2016 Serikali yetu ilitangaza kwamba televisheni ya Taifa haitarusha tena moja kwa moja mikutano yote ya Bunge, ikitaja gharama, na palikuwa na zogo kubwa Dodoma. Kamera zilikuwapo, wabunge walikuwapo, watazamaji walikuwapo. Kilichoamuliwa ni kipi kipite na kipi kisipite.

Sasa nifikie sababu yangu. Mwaka jana tulimzika katekista mstaafu ambaye aliwafundisha wengi wenu Sala ya Bwana. Binti yake anafanya kazi Muscat. Hakupewa ruhusa ya kuja. Vijana walifunga simu juu ya mti wa jembe, wakamrushia Misa ya mazishi, na ndani ya kanisa mambo yalikwenda vema. Tuliposhuka makaburini, upande ule ambao kilima huficha mnara, simu ilianza kudai mkondo mwembamba, kisha mwembamba zaidi, na jeneza lilipokuwa likiteremshwa picha ikaganda. Sauti haikukatika, kwa kuwa sauti ni nyepesi kuliko picha. Baadaye alinipigia. Aliniambia kwamba kwa dakika nyingi alikuwa akitazama mgongo wangu usiosogea, huku akisikia udongo. Aliuliza ni nani aliyetupa wa kwanza. Nilimwambia kwamba ni kaka yake. Akaniomba nimweleze alivyosimama.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Nilimkumbuka baba, na mavazi ya Papa.

Tangu hapo vijana wameleta ombi katika halmashauri ya parokia tununue kamera na kisanduku cha kurushia matangazo. Wazee wamejibu, na wana haki, kwamba kigango kimoja bado hakina mabati upande wa mashariki, na kwamba Kanisa halijafundisha popote kuwa kutazama Misa ni sawa na kuhudhuria. Ni kweli halijafundisha hivyo. Binti wa Muscat hakutafuta kukwepa Misa ya Dominika.

Rai yangu ni hii. Kisanduku cha bei kubwa hakiwezi kuondoa kilima. Wanahabari wanaorusha matukio barabarani hubeba mtambo unaogawa picha katika laini kadhaa za simu kwa pamoja, laini moja ikizama nyingine inaelea. Sisi twaweza kuanza chini ya hapo: simu mbili zenye laini za mitandao miwili, moja ikirusha na nyingine ikirekodi yote pasipo kurusha, ili anayepotewa na picha aipate jioni. Kijana mmoja ameshapima na kukuta kwamba mita arobaini juu ya makaburi, penye mkaratusi, mtandao unashika. Waya mrefu utahitajika. Mabati yanunuliwe kwanza.

Halmashauri itakutana Dominika hii baada ya Misa ya pili. Mwenye simu ya zamani ambayo kamera yake bado ni nzima, aje nayo.