Mbabe Yuko Ngeli Gani?

"Mjomba, hizi zinastaki au hazistaki?"

Nilisikia "hazitaki", nikawa natafuta ni akina nani hao wanaokataa. Ilikuwa Jumamosi jioni. Mpwa wangu na wenzake watatu walikuwa wameizunguka meza ya chakula, katikati kuna sahani ya karanga, karatasi zilizochakaa kwa kufutwafutwa na dadu za kila umbo, kubwa yao ya pande 20. Walikuwa wakicheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi husimulia yanayowakuta, dadu huamua nani kapiga na nani kakosa. Kanuni zake zinajaza vitabu, na wachezaji huzisoma kama watu wanaosoma mkataba wa kiwanja.

"Kustaki" kwao ni faida mbili kuwekwa moja juu ya nyingine. Waliniuliza mimi nisiyejua mchezo kwa kuwa ugomvi ulikuwa umeshafika kwenye maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Nikavuta kiti.

Kabla ya kustaki kuna neno "class", ambalo linamtambulisha kila mhusika. Mwaka 1974 zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mtumia uchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka uliofuata, na baadaye akabadilishiwa jina. Vijana wangu wanamwita mjanja. Kwenye karatasi zao waliandika "darasa". Halifai. Mwambie mtu kwamba mhusika wako yuko darasa la mjanja, atakuuliza shule gani. "Tabaka" linanuka siasa, unaanza kutafuta bwanyenye yuko wapi. "Fani" linakaribia, ila fani mtu huifanya asubuhi akaiweka kando jioni, na class huamua hata mhusika anahimili mapigo mangapi kabla hajaanguka. Nikapendekeza "ngeli". Wakacheka wote wanne, maana wote walikumbuka mtihani wa Kiswahili. Nikawaambia wangoje.

Na yule shujaa wa hasira, anayeitwa "barbarian" kwa Kiingereza, mmoja wao alikuwa amemwandika "mshenzi". Nililikata neno hilo kwa kalamu yangu mwenyewe. Pwani yetu limetumika kuwadharau watu wa bara, watumwa na huru, na sioni sababu ya kulifufua kwa ajili ya mchezo. Tunaye "mbabe", na kila mtaa unamjua.

Tatizo kongwe zaidi liko kwenye "level". Mhusika ana level, uchawi una level, dude la kupigana nalo lina level, hata shimo wanamoshuka lina level. Mwaka 1978 Gygax alikiri kwenye kitabu chake kwamba aliwahi kufikiria kuyatenganisha: cheo kwa mhusika, jina jingine kwa uchawi, jingine kwa madude. Akaacha, kwa hoja kwamba watu wameshazoea. Mpaka leo mgeni wa mchezo husikia kwamba mchawi wa level 5 ndiyo kwanza anapata uchawi wa level 3, akadhani amedanganywa. Sisi hatujazoea chochote bado, basi hatuna udhuru. Mhusika apande ngazi, uchawi uwe na daraja: mchawi wa ngazi ya 5 hupata uchawi wa daraja la 3. Sentensi imetulia. Nakiri kwamba wazee wa bao nao huliita "mtaji" bao la kula na pia hatua nzima ya pili ya mchezo, wala hawachanganyikiwi. Lakini wao hufundishana kwa mkono, kete ziko mbele yao.

Sasa ugomvi wenyewe. Mhusika wa mpwa wangu ana ngeli mbili: mbabe ngazi 5, mjanja ngazi 3. Mbabe anaweza kushambulia kwa pupa: anarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa, mradi anatumia nguvu za mwili, na adui naye atampiga kwa urahisi huohuo. Mjanja ana pigo la kuvizia, linaloongeza dadu za madhara, mradi ana upenyo huo wa kurusha mara mbili, au mwenzake amesimama jirani na adui, na silaha iwe ya mbali au ya ustadi, kama upanga mwembamba. Mmoja wa wachezaji akang'aka: mjanja ni wepesi, mbabe ni nguvu, haviendi pamoja! Mpwa wangu akafungua kitabu cha mwaka 2014, akaweka kidole. Silaha ya ustadi inamruhusu mwenyewe kuchagua wepesi au nguvu. Pigo la kuvizia linadai silaha. Halisemi uitumie kwa wepesi. Basi anashika upanga mwembamba, anautumia kwa nguvu, pupa inampa upenyo, upenyo unafungua pigo la kuvizia.

Mbishi akarudi na hoja nzuri. Je, ngeli mbili zikikupa kila moja shambulio la ziada, utapiga mara tatu? Hapana, kanuni inakataa waziwazi. Sasa kwa nini lile liruhusiwe na hili likataliwe, na yote ni "kustaki"?

Hapo ndipo neno la kukopa lilipowaponza. Limebeba maswali mawili. La kwanza, je, faida mbili za aina moja zinaongezana? Kiswahili kina kitenzi chake, na kile kiambishi cha "-ik-" kinabeba habari yote ya uwezekano: mashambulizi ya ziada hayajumliki. La pili, je, mambo mawili tofauti yanaweza kukaa katika tendo moja? Hilo tunalisema kila siku dukani mbele ya vitenge: rangi hizi zinaoana. Pupa na kuvizia havijumliki, kwa sababu si vya aina moja. Vinaoana.

Tukaingia kwenye "zamu". Kuvizia huruhusiwa mara moja kwa zamu, siyo mara moja kwa duru nzima. Adui akikimbia wakati wa zamu ya mwingine, mjanja anaweza kumchoma tena. Lakini pupa, kwa maneno ya 2014, iliishia zamu ileile ya mbabe, hivyo pigo hilo la pili linahitaji mwenzake awe jirani. Neno lilelile lilimfungulia mlango huu na kumfungia ule. Toleo la 2024 liliirefusha pupa mpaka mwanzo wa zamu yake inayofuata.

Karanga zilipokaribia kwisha nikarudi kwenye ngeli yangu. Nikawaomba waseme sentensi moja: rafiki yangu amefika. "Yangu" inatoka ngeli moja, "a-" ya "amefika" inatoka nyingine, na rafiki ni yuleyule. Kiboko ana umbo la ki-vi, lakini akiwa mtoni tunasema amelala, maana uhai hushinda umbo. Kikiwa mkononi mwa mtu, kiboko kimekatika. Kitabu chao kinasema kanuni mahususi hushinda kanuni ya jumla. Mtoto wa miaka minne anayesema "rafiki yangu amefika" anaifuata bila kitabu.

Hawakucheka tena. Mbishi alichukua raba, akafuta "darasa". Karatasi ya mpwa wangu sasa inasomeka: Ngeli, mbabe 5, mjanja 3. "Zinaoana" wamelikubali. "Hazijumliki" wanasema ni refu mno kulitamka dadu zikiwa hewani, na mwenye neno fupi kulishinda analetewa karanga.