Kitenzi kilichokwea ukuta

Kiingereza kina vitenzi viwili vya asili ya Kilatini, ndugu wa damu, vyote vikianza na "trans", yaani ng'ambo, lakini njia zao zimeachana. Aliyefanya "transgress" amevunja sheria; aliyefanya "transcend" anasifiwa. Mpaka wameuvuka wote wawili, basi kwa nini mmoja alaumiwe? Jibu limo katika nusu ya pili ya kila neno. "Transgress" imetokana na gradi, kupiga hatua. "Transcend" imetokana na scandere, kukwea. Ile a iligeuka e, kama ilivyozoeleka Kilatini maneno yalipoungana. Kwa Warumi kitenzi hiki cha pili kilikuwa cha mikono na magoti: askari wakiparamia kuta, majeshi yakipita juu ya milima. Kiswahili nacho kimepima hivyohivyo. Kukiuka ni kupitisha mguu juu ya kitu bila kukigusa, na leo tunakiuka sheria na makubaliano. Mguu mmoja tu, na umeshavuka; anayekwea hana njia ya mkato, lazima aushike ukuta wenyewe. Ndiyo maana naona "kuvuka mipaka", tafsiri tuliyoizoea, inaipunja "transcend": inabakiza mpaka na kutupa jasho.

Wapo watakaosema kwamba asili ya neno si maana yake, na hoja yao ina uzito. "Scan" imetoka katika scandere hiyohiyo. Ilianza kwa kupima mizani ya mashairi, na leo ni kazi ya mashine za hospitali, wala hakuna anayekwea chochote. Wengine watauliza kuhusu Mungu, anayeelezwa kwa neno "transcendent" kuwa nje ya ulimwengu bila kupanda popote. Lakini wanazuoni wa Ulaya ya Zama za Kati walitumia tamko hili pia kwa kuwapo, umoja, ukweli na wema, kwa kuwa mambo hayo hupita mafungu yote kumi ambamo Aristotle aliviainisha vitu kwa kupenya ndani ya kila moja, si kwa kuyakwepa. Hisabati ndiyo shahidi wangu mkubwa. Namba inayoitwa "transcendental" ni ile isiyoweza kuwa jibu la mlinganyo wowote wa aljebra wenye namba nzima, hata ukirefushwa vipi. Charles Hermite alithibitisha mwaka 1873 kwamba e, ile namba ya msingi wa logi asilia, ni ya aina hiyo. Mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann alipanda juu ya mbinu ya Hermite, akaifikia pai, uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, na hapo likaisha swali lililowasumbua watu tangu Ugiriki ya kale: kuchora, kwa rula na bikari tu, mraba wenye eneo sawa na la duara. Haiwezekani. Lindemann hakuibomoa aljebra ili kuupita mpaka wake. Aliijua mpaka kileleni, na kutoka huko akaonyesha inapoishia.