Mshipa gani, daktari?

Kwenye bucha za Makongeni, Thika, neno mshipa halimsumbui mtu. Mteja anaona uzi mweupe, mgumu, umekatiza nyama ya shingo, anasema, "Hiyo mishipa nitolee," na kisu kinapita. Shida huanza neno hilohilo likiingia chumba cha upasuaji. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, yaani neva, na kwa wazee wa Pwani "ana mshipa" ni ugonjwa mwingine kabisa, wa chini ya kiuno.

Sasa mchukue mgonjwa wa rovu. Nyuma ya tezi yake ya shingo, katika mfereji ulio kati ya bomba la hewa na umio, kila upande hupanda neva nyembamba inayoendesha nyuzi za sauti. Ile ya kushoto huteremka kwanza hadi kifuani, ikazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo ikarudi juu. Mpasuaji huitafuta karibu na inapopishana na mshipa unaolisha tezi damu. Matawi ya mshipa huo hufungwa, neva haiguswi. Ikikatwa, sauti hukwaruza, pengine maisha.

Hapo kumwambia mgonjwa "tutajihadhari na mshipa" ni kumwambia nusu. Upi, ule wa kufungwa au ule wa kuachwa? Mimi ningesema neva, na neno mshipa nikaliachia damu na bucha.